Aliniomba awe Gabrieli, nikampa Yusufu asiyesema neno

BARUA

Shikamoo Mama Mshauri,

Ni msomaji wako wa siku nyingi ila sijawahi kukuandikia. Nafundisha watoto kanisani kila Jumapili, na mwaka huu mchungaji ameniachia igizo la Krismasi, kazi ambayo sijawahi kuifanya. Alisema tu, "Lifanye jepesi, dakika 20, watoto wafurahi," akaenda zake. Watoto wenyewe ni 22. Mdogo kuliko wote ana miaka 4, mkubwa ana 12. Tunafanya mazoezi Jumamosi, na ninapokuandikia zimebaki Jumamosi tatu.

Mengi yamekwenda vizuri kuliko nilivyotegemea. Mavazi tumeyapata kwa shuka kuukuu na mataulo ya kufunga kichwani. Mabawa ya malaika nimeyakata mwenyewe kwenye maboksi, nikayapaka rangi nyeupe. Mtoto Yesu ni mwanasesere, kwa sababu mama aliyeahidi kutuazima mtoto wake mchanga alighairi alipoona wachungaji wetu wa kondoo wanavyochapana kwa fimbo. Hayo yote nayamudu. Kinachoninyima usingizi ni mtoto mmoja.

Nimwite Yona, ingawa si jina lake. Ana miaka 9 na ana kigugumizi, tena kikubwa. Kuna siku anasema sentensi nzima bila kukwama, na kuna siku neno moja linamkalia kooni mpaka wenzake wanaanza kutazama chini. Ni mtoto mchangamfu, kila mapumziko anachora, na akiimba hakwami hata mara moja. Siku ya kugawa nafasi niliuliza nani anataka kuwa nani. Wengine walinyoosha mikono. Yona alisimama kabisa, akahangaika na ile herufi ya kwanza, akamaliza: "Gabrieli."

Nilisema nitaangalia. Usiku ule nililipitia andiko letu. Malaika wetu ndiye mwenye maneno mengi kuliko wote: anasema na Mariamu, anasema na Yusufu ndotoni, halafu anawatokea wachungaji. Nikampa kijana wa miaka 11 mwenye sauti inayofika mlangoni. Yona nikampa Yusufu. Nilijiona nimefanya la busara. Yusufu ni mtu mkubwa katika habari hii, yuko mbele muda wote, na hasemi neno.

Nilipotangaza, Yona aliniuliza, "Mwalimu, Yusufu anasema nini?" Nikamjibu kwamba hasemi kitu, kazi yake ni kumsindikiza Mariamu na kushika taa. Akaitikia kwa kichwa. Tangu hapo anakuja mazoezini, anasimama ninapomwambia asimame, anashika taa. Hana ubishi. Ila hachori tena, na Jumamosi mbili zilizopita, watoto walipoimba, yeye alifunga mdomo.

Mama yake alinifuata baada ya ibada, akanishika mikono yote miwili. "Asante, mwalimu, kwa kumsitiri mwanangu." Yona alikuwa amesimama hapo hapo, amemshika nguo.

Halafu Jumamosi iliyopita nilikwenda stoo kufuata viti. Mabawa nimeyatundika kule kwenye misumari, juu ya makabati. Nikamkuta Yona amesimama chini yake, mgongo kwangu, anasema na ukuta. "Msiogope..." Alikwama kwenye "m" muda ambao mimi niliuona mrefu sana. Hakuacha. Akalipata, akaendelea, akakwama tena kwenye "habari njema", akaendelea tena mpaka mwisho. Maneno yote anayajua, na mimi sikumfundisha hata moja. Nilirudi nyuma polepole nisimshtue. Viti nikamtuma mtu mwingine.

Nilimsimulia mwalimu mwenzangu, mtu mzima ninayemheshimu. Aliniambia nisijitie katika majaribio siku ya Krismasi kanisa likiwa limejaa. "Hata Musa alikuwa na ulimi mzito," alisema, "na Mungu hakumlazimisha, alimpa Haruni wa kumsemea. Wewe umempa mtoto Haruni wake. Tulia." Nikatulia siku mbili.

Nikuambie na hili. Nilipokuwa na miaka 10 nilipewa shairi la Krismasi. Nilifika ubeti wa pili likafutika lote kichwani. Nilisimama pale, watu wakaanza kucheka, si kwa ubaya, lakini walicheka. Mpaka leo sisimami mbele ya watu wazima nikasema. Watoto ndio pekee ninaowaweza. Ninapomfikiria Yona mbele ya kipaza sauti na kanisa zima linamngoja, miguu yangu ndiyo inayolegea.

Yule kijana wa miaka 11 maneno yake ameshayashika, anajivuna nayo, na mama yake anamshonea kanzu. Nikimpokonya nitamkosea mtoto ambaye hana kosa. Nikiacha mambo yalivyo, kila nikimwona Yona na ile taa nasikia ile sauti ya stoo. Nikimpa halafu wakacheka, nitakuwa nimemfanyia kile kile nilichofanyiwa. Nifanye nini, Mama?

*Mwalimu wa Watoto*

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilisimama nawe pale mlangoni mwa stoo. Umefanya jema kurudi nyuma polepole. Wengi wetu tungeingia tukapiga makofi, na mtoto asingerudia tena.

Nikikuelewa, una mtoto aliyeomba kitu waziwazi, ukampa kingine kwa upendo, na sasa una shaka kama upendo ule ulimfaa yeye au ulikufaa wewe. Juu ya hapo kuna mtoto wa pili aliyepewa nafasi kwa haki, kuna mama aliyeshukuru, na kuna Jumamosi tatu. Si jambo dogo, hata kama mabawa ni ya boksi.

Niruhusu nianze na shairi lako, kwa sababu naona ndilo linaloongoza barua hii kuliko unavyodhani. Ulichokipata ukiwa na miaka 10 na alicho nacho Yona vinafanana kwa mtazamaji tu: mtoto mbele ya watu, kimya, macho yote kwake. Ndani ni mambo mawili tofauti. Wewe neno lilikukimbia, ukalitafuta usilione. Yona neno analo. Analijua, ameshalishika, anachohitaji ni muda wa kulitoa. Ulichokisikia stoo ni mtoto aliyekwama akaendelea, akakwama tena, akafika mwisho. Wewe unasema muda ule ulikuwa mrefu sana. Je, kwake ulikuwa mrefu hivyo? Sijui, na nahisi nawe hujamuuliza. Mtu mwenye kigugumizi amezoea kusubiri neno lake. Sisi tunaosikiliza ndio tusio na mazoezi.

Sisemi hofu yako ni ya bure. Kanisa lililojaa si stoo. Kigugumizi kina tabia ya kupanda na kushuka, leo kiko chini, kesho kinakuja kwa nguvu, na haraka ya watu wengine hukiongeza. Anaweza kufanya mazoezi matatu bila kukwama, kisha siku yenyewe akakwama neno la kwanza. Au kinyume chake. Kwa hiyo usijipe kazi ya kumpima kwenye mazoezi ili uone kama "yuko tayari". Mtihani wa namna hiyo hautakuambia kitu kuhusu siku ya Krismasi, na yeye atajua kwamba anapimwa.

Kwa kuwa umeniandikia kama mtu anayetaka kuelewa, niseme machache. Kigugumizi kwa kawaida huanza mtoto akiwa na miaka 2 hadi 5, wakati maneno yanapomjia kwa wingi. Huwapata zaidi wavulana kuliko wasichana. Wengi hukiacha wanapokua, na wachache hubaki nacho, kama mtu 1 kati ya watu wazima 100. Hakiletwi na woga wala malezi mabaya, na hakihusiani na akili. Kumwambia mtoto "tulia, vuta pumzi, sema polepole" ni nia njema isiyomsaidia, maana inamkumbusha tu kwamba tunamtazama mdomo badala ya kusikiliza anachosema. Kummalizia neno ni vivyo hivyo. Umeona mwenyewe kwamba akiimba hakwami. Hilo ni la kawaida kwao wengi, na hata kusema pamoja na wengine kwa sauti moja huwa kunalegeza ulimi. Nitalirudia hilo.

Sasa neno la mama yake: kumsitiri. Ni neno zuri, na naamini alilitoa moyoni. Lakini tunachositiri ni kile ambacho kikionekana kitatutia aibu. Mtoto wa miaka 9 aliyeshika nguo ya mama yake amesikia sauti yake ikiwekwa katika kundi hilo, na wewe ukashukuriwa kwa kuifunika. Simlaumu mama. Huenda amemwona mwanawe akichekwa mahali ambapo wewe hukuwepo. Huenda anaomba kila siku asiitwe jina fulani huko nje. Ila nikiunganisha siku ile na mdomo uliofungwa wakati wa nyimbo, naona kitu cha kukaa nacho. Kuimba ndiko kulikokuwa mahali pake pa uhuru, na hata huko amenyamaza.

Kuhusu Yusufu, hukukosea kwamba ni mtu mkubwa. Wala hukubuni ukimya wake. Mathayo na Luka wote wawili hawakuandika hata neno moja kutoka kinywani mwake. Anaota, anaamka, anatenda. Mtoto akimchagua Yusufu kwa hiari, ana kazi nzuri ya kuigiza. Shida ni kwamba huyu hakumchagua, na lile swali lake, "Yusufu anasema nini?", linanionyesha kwamba alielewa mara moja kwa nini amepewa yeye. Watoto hawa wanasoma nyuso zetu mapema sana, wana sababu.

Nije kwa mwalimu mwenzako na Musa wake. Namheshimu nami, na maneno ya kitabu cha Kutoka ameyasoma sawasawa: Musa alisema ulimi wake ni mzito, akapewa Haruni. Lakini itazame habari ile tena. Musa aliitwa akakataa. Alitoa udhuru baada ya udhuru, na wa ulimi ulikuwa mmoja kati yake. Yona hakuitwa na mtu. Alisimama mwenyewe akaomba. Haruni alikuwa jibu kwa mtu aliyekuwa anakimbia kusema, sasa sijui kama ni jibu kwa mtu anayeifuata nafasi ya kusema mpaka stoo. (Na Musa yule yule, ukifungua Kumbukumbu la Torati, kitabu karibu chote ni hotuba zake. Ulimi mzito ulipata njia.)

Hata hivyo, nami nisije nikafanya ulichofanya wewe, nikaamua Yona anataka nini nikiwa nimekaa hapa mbali. Inawezekana anachotaka ni mabawa tu, maana mabawa yanang'aa na taa haing'ai hivyo. Inawezekana yale maneno anapenda kuyasema kule anakosikia ni yeye na ukuta, na kwamba stoo ndiyo igizo lake lote, hataki lingine. Inawezekana aliomba Gabrieli wiki ile, na wiki hii ameshaogopa. Hakuna anayeyajua haya isipokuwa yeye. Katika barua yako umeongea na mwalimu, mama ameongea nawe, umeniandikia mimi. Yona mwenyewe umemjibu swali moja.

Kwa hiyo mazungumzo ya kwanza naona ni ya nyinyi wawili. Si mbele ya wenzake, wala si kwa kumwita ofisini kama mwenye kesi. Mpe kazi ya mikono, mkate nyota pamoja au mfunge taa, maana watoto husema vizuri wakiwa hawatazamwi. Usimtajie stoo, hiyo ni siri yake mpaka aifungue mwenyewe. Unaweza kumwambia kwa unyofu: "Uliniomba Gabrieli nikakupa Yusufu bila kukueleza. Nilihofia utakwama na watu wakutazame. Sikukuuliza wewe unaonaje." Halafu nyamaza. Akichukua muda, mwache auchukue, mtazame kama unavyomtazama mtoto yeyote, usimsaidie neno. Na umwulize ukiwa tayari kupokea majibu yote mawili. Ukimwuliza huku umeshaamua moyoni, atajua.

Usimwahidi nafasi kabla hujajua unayo. Hapo ndipo tunamkuta yule kijana wa miaka 11, na nakubaliana nawe kabisa kwamba hana kosa. Kumvua kanzu ambayo mama yake anaishona, ili tutulize dhamiri yetu sisi wakubwa, ni deni jipya. Na Yona naye hatafurahia bawa lililotoka mgongoni kwa mwenzake, hasa wenzake wakijua lilikotoka.

Lakini hebu rudi kwenye maandiko, mwanangu, kabla hujaona mlango umefungwa. Andiko lako limemfanya malaika mmoja abebe kazi zote tatu. Biblia haikufanya hivyo. Gabrieli anatajwa kwa jina na Luka anapomtokea Zakaria hekaluni, kisha Mariamu. Anayemjia Yusufu ndotoni, katika Mathayo, anaitwa "malaika wa Bwana" tu. Anayewatokea wachungaji makondeni naye Luka hakumpa jina. Na maneno uliyoyasikia stoo, "Msiogope", ni ya huyu wa tatu. Kwa hiyo unaweza kuwa na malaika watatu bila kupindisha kitu, na kijana wako abaki na Gabrieli, na kanzu, na Mariamu wake. Atapoteza maneno kiasi, na hilo lazima umwombe, usimtangazie. Kijana wa miaka 11 akiombwa vizuri hukushangaza. Akikataa, pia umejua jambo.

Hatari yake naiona. Yona aliomba Gabrieli kwa jina. Ukimletea malaika asiye na jina anaweza kuona amepewa makombo. Tena wachungaji ni sehemu ambayo kanisa zima huingoja, si mahali pa kujificha. Na Yusufu utampata wapi? Hilo ndilo jepesi kuliko yote, kwa kuwa hana neno la kukariri. Mtoto yeyote atamshika kwa mazoezi mawili.

Njia nyingine ni ile niliyoahidi kuirudia. Luka anasema pamoja na huyo malaika palikuwa na wingi wa jeshi la mbinguni wakimsifu Mungu. Jeshi, mwanangu, na wewe una watoto 22! Unaweza kuwafanya malaika saba wakaseme "Msiogope" kwa sauti moja, Yona katikati yao. Kuna uwezekano mkubwa asikwame. Wadogo wa miaka 4 nao watapata pa kuingia, badala ya kuwa kondoo wote. Mimi binafsi naipenda sana njia hii, ndiyo maana naiogopa kidogo. Ni nzuri mno kwetu sisi. Inatuondolea ile sekunde ya kimya tunayoihofia, na kwa Yona inaweza kuwa Yusufu wa pili: amefichwa tena, safari hii katikati ya watu. Akiichagua kwa furaha ni jambo jingine kabisa. Inawezekana pia waanze wote, kisha yeye amalizie peke yake mstari mmoja. Au aanze peke yake na wao wamfuate. Mpe achague hata maneno. Wenye kigugumizi wanajua herufi zipi ni adui zao, na kama "m" inamkaba, kuna njia nyingi za kuwaambia wachungaji wasiogope.

Na kuna njia ya kuacha mambo yalivyo. Usiidharau. Kama Yona atakuambia kwamba Yusufu anamtosha, mwamini, ila mpe Yusufu wa kuigiza kweli. Yusufu wako sasa ni mshika taa. Muonyeshe usiku alipojua habari za Mariamu na hajui afanye nini. Muonyeshe akigonga mlango wa kwanza, wa pili, wa tatu. (Mwenye nyumba ya wageni, kwa taarifa yako, Luka hakumtaja. Anasema tu hawakupata nafasi. Kwa hiyo huna haja ya mtu wa kupiga kelele "Hapana!", milango mitatu ya boksi isiyofunguka inatosha.) Mtoto anayejua kuchora anajua kusema kwa mwili. Hatari ya njia hii ni kwamba sisi ndio tutakaoipenda zaidi, na mtoto mpole hujifunza haraka kutupa jibu linalotupumzisha.

Ikiwa atasema, popote utakapomweka, kuna mambo ya kazi. Kipaza sauti kiwekwe kwenye stendi, asishikiwe na mtu mzima anayemwinamia. Msomaji wa habari asimrukie akinyamaza. Mkubaliane alama yenu wawili: akigusa bawa, maana yake anaomba wenzake wadakie, asipogusa, hakuna anayemgusa. Wenzake uwaeleze kabla au la, hilo ni la kumwuliza yeye, wengine wanapenda lisemwe mara moja liishe, wengine hawataki kabisa. Wewe utakuwa umekaa mbele, na yeye atakutazama wewe. Midomo yako ikianza kucheza kumsaidia neno, ataiona. Najua nakuomba kitu kigumu, kwa sababu utakuwa umekaa pale na miaka yako 10.

Je, watu wanaweza kucheka? Wanaweza. Watu hucheka kanisani kwa sababu nyingi, mara nyingi ni kwa kutojua waweke wapi macho. Siwezi kukuhakikishia hawatacheka, na yeyote atakayekuhakikishia usimwamini. Unachoweza ni kuhakikisha kwamba Yona anajua utafanya nini wakicheka. Wewe ulipocheka... nisamehe, ulipochekwa, alikuwepo mtu aliyekufuata baadaye? Hukuandika. Nahisi hakuwepo.

Kabla sijamfikia mama, nikupe kisa kimoja. Mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio huko Italia, Fransisko wa Asizi alitaka watu waone kwa macho jinsi mtoto yule alivyolazwa. Akaomba hori, majani makavu, ng'ombe na punda. Watu wakaja usiku na mienge. Mwandishi wa maisha yake, Thomas wa Celano, anasimulia kwamba Fransisko alipolitaja jina Bethlehemu alilivuta kama kondoo anayelia. Nalifikiria kanisa lile la porini, mtu mzima analivuta neno moja, "Beeethlehemu", na wote wanamngoja amalize.

Mama yake usimzunguke. Chochote mtakachokubaliana na Yona, akisikie kutoka kwenu kabla ya kukiona Krismasi. Na usiende kwake na habari za kigugumizi kama mimi nilivyokumiminia hapa, anazijua kuliko sisi. Mwulize kwanza aliona nini mpaka akakushukuru vile. Anaweza kukupa sababu itakayobadilisha kila nilichoandika. Anaweza pia kuwa hajawahi kumsikia mwanawe akisema na ukuta.

Kwa mwalimu mwenzako huna haja ya kushinda hoja. Mwombe akae upande wa pili, karibu na jukwaa, aangalie wale wenye fimbo.

Jumamosi ikifika, nenda mapema kabla ya watoto. Shusha yale mabawa kutoka kwenye misumari uyapange chini, kwenye benchi, wanapoyafikia wote. Utakuwa pia umepata kitu cha kufanya kwa mikono Yona akiingia. Baada ya Krismasi niandikie, hata mistari miwili, uniambie nani alishika taa.

*Mama Mshauri*